Ukaguzi wa zahanati na TASAF: ‘Fildi’ inaisha ndipo mkaguzi anafika

KILA mwaka Aprili inapofika, redio za Kashaulili, kama zilivyo za nchi nzima, hutangaza ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG). Yanatajwa mabilioni, zinatajwa hati safi na hati zenye mashaka, wabunge wanapaza sauti Dodoma, kisha baada ya wiki chache mambo yanapoa. Mkulima wa mahindi aliyekuja Mpanda mjini kutafuta bei anarudi kijijini na swali lake lile lile, ambalo halikusomwa redioni: dawa mseto ya malaria iliyoandikwa kwamba imepokelewa zahanati, mbona Februari yeye aliambiwa akanunue dukani?

Kwa mtu wa Dodoma hilo ni swali dogo. Kwa mkulima Februari ni mwezi wa palizi, na siku tatu za homa bila dawa ni nusu eka imemezwa na magugu. Ni hasara ya biashara kama hasara nyingine yoyote, ila haiingii katika vitabu vya mtu.

Makala haya yana jambo moja la kusema. Majibu ya maswali ya namna hiyo hayahitaji kompyuta mpya wala tume. Yanahitaji mtu mmoja mwenye kibali afike pale, afungue vitabu viwili na kuvilinganisha. Na watu wa kazi hiyo tunao. Ni vijana waliosomea uhasibu, ukaguzi, takwimu na afya ya jamii, ambao kila mwaka wanazunguka maofisini na bahasha za kaki wakiomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo. Nafasi wanapewa, lakini wanapewa wakati mbaya na kazi mbaya.

Fedha ni za nani?

Kabla ya kwenda mbali, msomaji ajue kwamba tunazungumzia fedha zake. Ukiuza mazao, mnunuzi analipa ushuru kwa halmashauri, na mwishowe ushuru huo unapunguza bei unayopewa wewe. Mwaka 2017 serikali iliushusha kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, lakini bado ni nguzo ya mapato ya ndani kwa halmashauri za mikoa ya kilimo kama Katavi. Kutoka kwenye mapato hayo ya ndani, sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 inaitaka halmashauri itenge asilimia 10 kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu.

Mkulima huyo huyo ndiye aliyeambiwa mwaka 2018 achangie Sh 30,000 kwa kaya ya watu 6 katika Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa. Baada ya hapo Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, maana yake ni kwamba michango ya wananchi itakayopita katika vituo vya afya inatazamiwa kuongezeka. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya haziishii tena makao makuu ya halmashauri. Zinakwenda moja kwa moja katika akaunti ya zahanati au kituo cha afya. Ni hatua nzuri. Ila zahanati nyingi hazina mhasibu. Anayepokea fedha, anayenunua na anayeandika ni mganga au muuguzi yule yule anayezalisha akina mama usiku.

Na upo Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), ulioanza mwaka 2000 na ambao katika awamu yake ya tatu uliingia katika mpango wa kunusuru kaya maskini. Mwaka 2016 serikali iliagiza walengwa wahakikiwe nchi nzima. Makumi ya maelfu ya kaya yaliondolewa katika orodha: wengine walikwishafariki, wengine walikwishahama, na wengine walikuwa viongozi wa vijiji ambao hawakustahili kabisa kuwamo. Ikumbukwe kwamba majina hayo yote yalikuwa na makaratasi yake.

Karatasi inaweza kuwa safi

Jambo hili la makaratasi wakulima wa huku wanalifahamu kuliko wasomi. Mpango wa vocha za pembejeo ulipoanza msimu wa 2008/09, Mkoa wa Rukwa, ambao Mpanda ilikuwa ndani yake hadi Katavi ilipoanzishwa kuwa mkoa mwaka 2012, ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyonufaika. Mkulima alipewa vocha, akaongeza fedha kidogo, akachukua mbolea kwa wakala, naye wakala akaipeleka vocha benki kulipwa. Katika maeneo mbalimbali ya nchi ikajitokeza mbinu rahisi: mkulima asiye na fedha za kuongezea anasaini vocha, anapewa chochote mkononi, na wakala anakwenda kulipwa kwa mbolea ambayo haikutoka stoo.

Mkaguzi akikaa mezani na kuiangalia vocha hiyo, ni halali. Saini ni ya kweli, jina ni la mkulima wa kweli, muhuri upo. Kilichokosekana ni mbolea, na mbolea haionekani katika faili. Inaonekana shambani, au haionekani.

Hapo ndipo penye udhaifu wa ukaguzi wetu wote wa huduma za jamii, na si kwamba wakaguzi ni wazembe. Mkaguzi hukagua kwa sampuli kwa sababu hawezi kukagua kila kitu. Ripoti za CAG zimerudia kusema kwamba vitengo vya ukaguzi wa ndani katika halmashauri vina upungufu wa watumishi na vitendea kazi. Katavi ina halmashauri 5: Manispaa ya Mpanda, Tanganyika, Nsimbo, Mlele na Mpimbwe. Kutoka Mpanda mjini kwenda Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, ni zaidi ya kilometa 100. Wapo watu Mishamo, wapo Mwese, wapo Katumba. Tufanye halmashauri moja ina zahanati 30 na wakaguzi wa ndani 2 wanaogombania gari moja na idara nyingine. Hata kama hawana kazi nyingine, watafika zahanati ngapi kwa mwaka, na watakaa pale saa ngapi?

Kalenda inavyopishana

Sasa tuje kwa vijana. Mwandishi wa makala haya naye alikuwa ‘mwanafunzi wa fildi’, katika ofisi moja ya serikali ambayo haina haja ya kutajwa. Wiki ya kwanza alipewa kazi ya kupanga vocha za malipo kwa tarehe. Wiki ya pili alipeleka barua kwenye ofisi za jirani. Kuanzia ya tatu alitoa nakala, na akawa fundi wa mashine ile kuliko mwenye nayo. Mwishoni kitabu chake cha kumbukumbu kilisainiwa vizuri, chuo kikampa alama, na hakuna siku hata moja aliyoona kituo cha huduma kinachokaguliwa. Watu wengi waliosoma uhasibu wakisoma hapa watacheka, maana wanajijua.

Kwa muda mrefu nilidhani sababu ni dharau kwa vijana. Nilipoiangalia kalenda niliona sababu nyingine kubwa zaidi.

Mwaka wa fedha wa halmashauri unafungwa Juni 30. Mweka hazina ana miezi mitatu, hadi Septemba 30, kuandaa hesabu za mwaka na kuziwasilisha kwa CAG. Wakaguzi wa nje hufanya sehemu kubwa ya ukaguzi wa mwisho kuanzia hapo, kwa sababu CAG anatakiwa awe amemkabidhi Rais ripoti kufikia Machi 31. Vyuo vyetu vingi, kwa upande wao, huwatoa wanafunzi kwa mafunzo ya vitendo kati ya Julai na Septemba, kwa wiki 8 hivi.

Tazama kinachotokea. Kijana anaingia ofisini Julai, wakati wahasibu wanahangaika kufunga hesabu na hakuna mwenye nafasi ya kumfundisha. Kwa hiyo anapewa mashine ya nakala. Anaondoka Septemba kurudi chuoni. Oktoba mkaguzi anafika, anahitaji miguu ya kumpeleka vijijini, na kijana hayupo. Novemba mvua zinaanza, barabara za huko ndani zinakuwa tope, na sampuli inaelekea zahanati zinazofikika kwa gari. Zile za mbali, ambako dawa ikipungua hakuna duka la kukimbilia, zinabaki kwa imani.

Wakati huo huo Julai hadi Septemba ni kiangazi. Barabara zinapitika, wakulima wamevuna, wapo nyumbani na wana muda wa kuhojiwa. Ndiyo miezi bora kuliko yote ya kukagua huduma vijijini, na ndiyo miezi tuliyonayo vijana wengi ofisini. Tunaitumia kupanga faili.

Kijana anaweza kufanya nini?

Mtarajali hawezi kutoa hati. Hawezi kumhoji mtumishi kwa tuhuma, wala hatakiwi kuandika neno ‘wizi’ mahali popote. Lakini zipo kazi za kuhesabu na kulinganisha ambazo hazihitaji uzoefu wa miaka 20.

Chukua dawa mseto. Zahanati ina hati ya kupokelea mzigo kutoka Bohari ya Dawa (MSD), ina leja na kadi ya stoo, na ina kitabu namba 5 cha MTUHA kinachoandikwa wagonjwa wa nje na maradhi yao. Kama zilipokelewa dozi 600 kwa kipindi fulani, zimebaki 50, na kitabu kinaonyesha waliotibiwa malaria ni 310, basi dozi 240 zinahitaji maelezo. Huenda maelezo yapo na ni ya halali: zahanati jirani iliazimwa, dozi nyingine zilikwisha muda wake, au muuguzi alizidiwa na kazi akaacha kuandika wagonjwa siku za msongamano. Kazi ya kijana ni kuleta hiyo 240 mezani kwa mkaguzi wa ndani ikiwa na nakala za kurasa husika. Kwa zahanati moja ni kazi ya siku moja au mbili. Tahadhari ni kwamba kitabu hicho kina siri za wagonjwa. Anayekifungua lazima awe ameapishwa kutunza siri, ahesabu kwa tarehe na aina ya ugonjwa, asinakili majina.

TASAF nayo ni hivyo hivyo. Orodha ya walengwa ichukuliwe, zichaguliwe kaya 10 kwa bahati nasibu, kijana atembee kwa miguu. Kaya ipo? Aliyeandikwa ndiye aliyepokea? Kiasi alichopokea ni kile kilicho katika orodha ya malipo? Mikopo ya asilimia 10 pia haina maajabu: kikundi kilichopewa fedha za kufuga kuku kionyeshe banda. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 kufuatia hoja nyingi za ukaguzi, vikiwamo vikundi visivyokuwapo na fedha zisizorejeshwa, na uamuzi wa kuirejesha ulifanyika mwaka 2024. Mama lishe na machinga wa Mpanda waliokuwa wanarejesha kwa uaminifu walikaa zaidi ya mwaka bila mkopo kwa sababu ya vikundi hewa ambavyo mtu mwenye baiskeli angevigundua mapema.

Mwanafunzi au mhitimu?

Maoni yangu ni kwamba wiki 8 za mwanafunzi zifae kwa hesabu za zahanati wakati wa kiangazi, lakini uti wa mgongo uwe wahitimu wanaokaa mwaka mzima. Mlango upo. Serikali ilitoa mwongozo wa utarajali mwaka 2017, na Wakala wa Huduma za Ajira (TaESA) umekuwa ukiwapeleka wahitimu kwa waajiri kwa mafunzo ya kazini. Mhitimu wa Taasisi ya Uhasibu (TIA) kampasi ya Kigoma au Mbeya, mzaliwa wa Katavi, angeweza kukaa miezi 12 chini ya mkaguzi wa ndani wa halmashauri, akauona mwaka wote wa fedha: kufunga hesabu, ujio wa CAG, hoja, na majibu ya hoja. Atakayepita hapo atakuwa amejifunza kitu ambacho darasani hakipo, na uzoefu utamsaidia katika njia yake ya kuwa mhasibu aliyesajiliwa na Bodi ya NBAA.

Wenzetu wanafanya. Kenya, Tume ya Utumishi wa Umma ilianza mwaka 2019 mpango wa watarajali wanaolipwa serikalini. Marekani wana ofisi ya ukaguzi iitwayo GAO, iliyoanzishwa mwaka 1921. Kwa utaratibu wake wa miaka mingi imekuwa ikichukua wanafunzi wa vyuo kwa malipo na kuwapangia katika timu maalumu, mojawapo ikiwa ya afya, inayofuatilia programu kubwa kama Medicare ya wazee. Aliyemaliza saa 400 za kazi huweza kufikiriwa kwa ajira ya kudumu. Tofauti kubwa na kwetu ni neno ‘malipo’. Mkaguzi asiye na nauli anasafiri kwa gari la anayemkagua na kula chakula cha anayemkagua, na hilo ni baya kuliko kutokagua.

Je, gharama inabebeka? Tufanye mtarajali analipwa posho ya Sh 200,000 kwa mwezi, nauli humo humo. Kwa mwaka ni Sh 2,400,000. Gunia la mahindi likiuzwa Sh 60,000 na ushuru ukiwa asilimia 2, hizo ni ushuru wa magunia 2,000. Si fedha kidogo, na mkulima ana haki ya kuuliza zinarudisha nini. Lakini ni sawa pia na michango ya kaya 80 tu kwa kiwango kile cha CHF cha 2018. Vijana wanne kwa mwaka ni Sh 9,600,000. Kikundi hewa kimoja kilichochukua mkopo wa Sh milioni 10 kimekwishazila zote.

Hofu zilizopo

Hoja nzito dhidi ya mpango huu si fedha. Kwanza ni undugu. Mpanda si mji mkubwa. Kijana atakuta mganga ni mjomba wake au mwenyekiti wa kikundi ni shemeji. Dawa yake inafahamika: wa Nsimbo akague Mlele, wa Mlele akague Tanganyika, na kila mmoja asaini tamko la mahusiano kabla ya kuanza.

Ya pili ni usalama wa ajira yake ya kesho, na hii sina dawa yake kamili. Nchi nzima iliona Aprili 2019 Bunge likiazimia kutofanya kazi na CAG wa wakati huo, Profesa Mussa Assad, na Novemba mwaka huo nafasi yake ikachukuliwa na Charles Kichere. Ikiwa mtu mwenye kinga ya Ibara ya 143 ya Katiba alipita katika dhoruba hiyo, kijana wa miaka 24 anayetafuta barua ya mapendekezo kutoka kwa mkurugenzi yule yule anayemkagua ana moyo gani? Nusu ya jibu ni kwamba asiwe wa mkurugenzi. Apangiwe na ofisi ya CAG mkoani au na Mkaguzi Mkuu wa Ndani wa Serikali, idara iliyoundwa mwaka 2010 chini ya Wizara ya Fedha, na huko ndiko barua yake itoke. Halmashauri itoe meza na posho tu.

Wapo watakaosema watoto hawa watawaonea wauguzi. Inawezekana, kwa sababu mtu aliyetoka chuoni juzi huona kosa kila mahali. Ndiyo maana hesabu yake lazima ipite kwa mkaguzi mzoefu, na muuguzi apewe nafasi ya kujibu kwa maandishi kabla jambo halijatoka mlangoni. Muuguzi mwaminifu ndiye wa kwanza kunufaika: leja iliyohesabiwa na mtu wa nje inamwondolea maneno ya kijijini kwamba anauza dawa.

Kwa sasa yapo mambo ambayo msomaji wa Kashaulili au Karema anaweza kuyafanya bila kusubiri mtu. Halmashauri huandaa bajeti katika miezi ile ile ya masika, na madiwani huipitisha kabla haijaenda juu. Muulize diwani wako fungu la kitengo cha ukaguzi wa ndani ni kiasi gani, na mwaka uliopita wakaguzi hao walifika zahanati zipi kwa majina. Kwenye mkutano wa kijiji omba orodha ya walengwa wa TASAF isomwe kwa sauti. Na kama una kijana chuoni anayetafuta fildi, mwambie barua yake aiandike kwa mkaguzi wa ndani, si kwa masijala, na aombe kuanza na zahanati ya mbali zaidi wakati barabara bado ni kavu.